Upinde Uliopakwa Sabuni

"Nusa kwanza, halafu ndiyo unijibu!" Mwalimu wa selo, ile fidla kubwa ya kupakatwa, alimsogezea mkuu wa chuo upinde mpaka chini ya pua.

"Mwalimu, wazazi wameshakaa ukumbini. Punguza sauti."

"Sauti si umeshaipunguza wewe? Nusa!"

Mkuu aligeuza uso. Chumba kizima cha nyuma ya jukwaa kilinuka sabuni ya kufulia. Upinde wa selo hupakwa ulimbo ili uushike uzi na kuutikisa. Ukipakwa sabuni unateleza tu. Mtoto anavuta na kurudisha, na mbu anamshinda kwa kelele.

"Kila mwaka tunampakia yule dhaifu kuliko wote," mkuu alisema. "Anaonekana anapiga, mzazi wake anafurahi. Nani ameumia?"

Kila mwaka! Miaka sita mwalimu alikuwa akipiga pale mbele, wanafunzi wakimwitikia nyuma, naye akijisifu kwamba amewafundisha kutoa sauti safi. Safi kweli. Imefuliwa!

Kwenye kona alisimama mwenye upinde, binti wa miaka kumi na miwili waliyemwita Chiriku kwa maneno yake mengi. Leo alikuwa na machache.

"Mwalimu, kumbe si mkono wangu? Tangu mazoezi ya asubuhi nakandamiza, nikadhani umekufa."

Alionyesha kidole. Lengelenge lilikuwa limepasuka.

"Unaona kazi yako?" mwalimu alimwambia mkuu.

"Mtoto anakwaruza, tusidanganyane. Na leo viongozi wa okestra kuu wamekuja kukusikiliza wewe. Nafasi ya kupiga nao umeisubiri miaka mitatu. Unataka akuharibie?"

"Anakwaruza, ndiyo. Mimi nilikwaruza miaka minne. Mama yangu alijiziba masikio kwa pamba, lakini mkono wangu hakuuziba."

Kengele ililia. Wanafunzi wengine walikuwa wamekwisha kupanda jukwaani. Mwalimu alitazama upinde wake mwenyewe, wa pekee aliokuwa nao, kisha akautia mkononi mwa Chiriku.

"Nenda mahali pako. Ukikosea, kosea kwa nguvu."

"Na wewe utapigia nini?" mkuu alimaka.

"Hiki ulichotuandalia."

Alipanda na upinde wa sabuni, akaketi kiti cha mbele, akaipakata selo. Wanafunzi walianza. Ilipofika zamu yake akavuta, taratibu, kwa madaha yote aliyojifunza maishani. Kimya. Wageni wa okestra kuu wakainama mbele vitini. Akavuta tena. Kimya, na ile harufu.

Ndipo kutoka nyuma kabisa ukaja mkwaruzo mrefu, wa kutia meno ganzi, kama bawaba isiyojua mafuta. Mtu mmoja ukumbini alicheka. Mkwaruzo haukukoma.

Mwalimu hakugeuka. Alianza kumpigia Chiriku mapigo kwa kisigino.