Umati wa Sponji

Sudam alichovya sponji kwenye rangi ya kahawia, akaigongagonga kwenye ubao wa tangazo la sinema, akiujaza umati wa wafanyakazi chini ya viatu vya shujaa. Uso wa shujaa, mpana kama mlango, ulikuwa tayari tangu jana. Katika karakana zote za wachora mabango mtaani Parel, umati huja mwisho, tena kwa sponji.

Kaka yake Bhiku, aliyekuwa mfumaji hadi mgomo uliposhindwa na kiwanda cha nguo kufungwa, alimletea mkate wa mtama na chatne. Akasimama kuutazama ubao.

"Huyu bwana mkubwa ni nani?"

"Mfumaji kama wewe, kaka. Anagoma, anampenda binti wa tajiri, mwisho anakikalia kiti cha tajiri."

"Hongera zake. Na sisi wengine?"

Sudam akaonyesha kwa sponji. "Nyinyi hawa."

Bhiku akainama, akatafuta. "Mimi doa lipi?"

Sudam alicheka peke yake.

"Tuligoma kila mtu na jina lake," Bhiku akasema taratibu. "Humu kapanda mmoja. Kiti kiko palepale, kimebadilisha makalio tu. Na bado nitaenda kuitazama sinema hii, nitapiga na miluzi. Lakini wewe sura yangu unaijua."

Bwana Pendse, mwenye karakana, akachungulia. "Bado? Ubao unapandishwa kesho mchana!"

"Naomba niwatie sura, bwana."

"Nani atakata tiketi aje kumwona huyu?" Akamnyooshea Bhiku kidole. "Mchana ukifika hujamaliza, kazi yako nampa Jairam. Mwenye sinema ananikaba na mimi."

Akaondoka. Sudam hakumlaumu, alikuwa kweli anakabwa. Lakini kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba mbili, yake na ya Bhiku. Hata hivyo akachukua brashi nyembamba.

"Keti kwenye debe, kaka. Usitabasamu."

"Nikitabasamu?"

"Utafanana na shujaa, tutafukuzwa wote."

Mwanga ulipofifia, Bhiku alikuwa na macho, masharubu na vumbi la pamba nyweleni. Pembeni yake palikuwa na kichwa cha pili, bado kimechorwa kwa chaki tu.

"Huyo Kondiba, niliyegoma naye?" Bhiku akauliza. "Mbona ana masikio mawili mazima? Moja lilichanika."

"Lipi?"

Bhiku akashika lake la kulia, akasita, akashika la kushoto. "Nitamuuliza mjane wake."

"Basi kesho alfajiri."

Sudam aliosha brashi, akaufunika ubao. Sponji aliiacha ikauke na rangi yake. Kufikia asubuhi ingekuwa ngumu kama jiwe.