Taa ya Kisima cha Tatu

Mimi Hashil sipendi kukosolewa na mwanafunzi, na hilo nalisema mapema usije ukanihurumia bure. Mwaka wa tisini na tisa nilikuwa nafundisha kompyuta Voi, na mradi wa maji ukanipa kazi: ukurasa wenye picha za taa, moja kwa kila kisima cha kijiji cha Makwasinyi. Kijani, maji mazuri. Nyekundu, msinywe. Elsie, mwanafunzi wangu na mzaliwa wa huko, ndiye aliyeandika skripti, yale maagizo ya kompyuta ya kubadilisha rangi. Kila asubuhi tulizisoma kwenye redio kol, ile redio ya kuzungumziana, na mamake, Susan, akizipokea kijijini.

Kisima cha tatu kilikuwa chekundu, kimeingiwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mradi ulikuwa bado unakisafisha, na kijiji kilisubiri taa tu.

Jumatatu Elsie alikuwa na malaria. Nikaupamba ukurasa peke yangu: juu kabisa nikaweka picha ya jina langu kwa herufi za dhahabu, nikajiona mtu. Jumanne nikasoma redioni bila kufikiri. Cha pili chekundu, cha tatu kijani. Kisha nikaenda zangu kunywa chai.

Jumatano Elsie akarudi, akatazama kioo cha kompyuta, akaniuliza cha tatu kimepona lini. Nikamfokea kwamba skripti yake ni ovyo. Akanionyesha mstari wenyewe: uliamuru picha ya tatu ya ukurasa iwe nyekundu, basi, haukutaja kisima chochote. Dhahabu yangu ilikuwa imekaa ya kwanza, kwa hiyo picha ya tatu sasa ilikuwa taa ya kisima cha pili, na ya cha tatu, isiyoamriwa kitu, ilibaki kijani.

"Ungeipa kila taa jina lake," nikasema, bado nautaka ualimu.

"Na wewe, Mwalimu, ungeniambia umeongeza picha."

Nikaketi, nikazipa taa majina, skripti ikaita jina badala ya nafasi. Nyekundu ikarudi kwenye cha tatu. Nyuma yangu Elsie alikuwa ameshaipata Makwasinyi redioni, na sauti ya mamake ilikuwa ya furaha.

"Mshukuru mwalimu wako. Jana cha tatu tulikifungua, tukaanza kuwanywesha watoto. Ila leo wamelala tu. Hata Donald, mdogo wako, hataki uji."

Elsie akanipa kile kipaza sauti mkononi. Nikabonyeza, nikasema, "Mama, kifungeni cha tatu, watoto wapelekeni hospitali; kosa ni langu, si la Elsie."