Asiye na Upande

Estelle alitoka Kasongo hadi Wamaza kwa pikipiki, siku nzima ya matope, na begi lake la maswali halikupata hata tone. Yeye mwenyewe, tusiseme. Alikuwa akifanya utafiti wa chuo: watu hukata vipi kesi za mashamba bila kufika mahakamani? Ilibaki kesi moja tu ya kushuhudia. Akiikosa, mwaka mzima unakwenda na maji.

Kesi yenyewe ilikuwa ya mpaka kati ya mihogo ya Mama Marcelline na mpunga wa mzee Sumaili. Miaka miwili walikuwa hawasalimiani. Mpaka wenyewe kila mtu aliujua. Kilichokosekana ni mkono wa kuupandia mche wa alama, maana desturi inataka mtu asiye ndugu wala shemeji wa upande wowote. Na Wamaza, nani si shemeji wa mwenzake?

Sasa kikaoni Estelle, badala ya kukaa na kusikiliza, akatoa karatasi za ridhaa, za kukubali kuandikwa kwenye utafiti, na kuomba saini. Msomi kweli! Mahali ambapo watu wamepoteza mashamba kwa kutia dole kwenye karatasi wasizozisoma, yeye anakuja na karatasi.

"Miye sitii kitu," akasema Marcelline.

"Hata miye," Sumaili akadakia. "Mama Marcelline anasema kweli. Iyi karatasi iko ya serikali."

Watu wakatazamana. Wawili wale walikuwa wamekubaliana jambo! Estelle hakuliona hilo. Bila saini, kesi haihesabiki chuoni, na machozi yalikwisha kumlenga. Lakini Musafiri, mkuu wa kijiji, alianza kucheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Munatafuta mutu asiye na upande? Huyu hapa! Mumemukataa wote wawili."

Wakampa Estelle jembe. Alichimba vibaya, wakamcheka, naye akacheka. Mche ulipopandwa vigelegele vikapigwa, Sumaili akampa Marcelline mikono miwili, na Estelle akafurahi hata akasahau daftari.

Alipokuwa akifunga begi, Marcelline akamshika.

"Iko wapi ile karatasi yako, mwanangu?"

"Mama, si mulikataa?"

"Tulikuwa hatukujui. Leo uko na muti wako hapa kwetu. Utarudi kuuangalia."

Wakatia dole gumba, yeye na Sumaili, udongo wa mpaka ungali vidoleni. Mwalimu wa chuo atasema nini juu ya mtafiti aliyeshika jembe, atajua mwenyewe. Kwenye nafasi ya shahidi, Estelle aliandika jina lake.