Barua Zilizorudi kwa Miguu

Jumatano baada ya adhuhuri, Enyonam Kpodo alikuwa uani anasonga akple, ugali wa mahindi na muhogo, wakati barua ya mumewe iliporudi kutoka Bremen. Ilibisha hodi getini, ikangoja. Alipofungua alikuta mwanamume wa makamo aliyevaa shati la mikono mifupi, vumbi jekundu limempanda hadi magotini, akikohoa kile kikohozi ambacho mumewe Senyo hukitoa kabla ya kusema jambo asilo na uhakika nalo.

"Baba Sitsofe," aliita, mwiko ungali mkononi, "barua yako imerudi."

Ilipewa maji kwanza, kama mgeni yeyote. Ilipokwisha kunywa ndipo ikaulizwa habari za njia.

"Nilifika," ilisema. "Mlango ni mkubwa na una mlinzi. Hakuniuliza nimebeba nini. Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia natoka kwa Bwana Kpodo, mtaa wa Bankoe, mjini Ho. Akasema hamjui."

"Ulimwambia ninayemwandikia ni mwanangu wa kumzaa?"

"Nilimwambia. Akasema kila anayefika pale husema hivyo."

Senyo alikaa kwenye kigoda, akashika kidevu. Enyonam akapakua akple, akatoa na bakuli la tatu.

Senyo alikuwa fundi mitambo wa redio mpaka alipostaafu. Kwa miaka mingi barua pepe zake alizihifadhi kwa kampuni moja kubwa ya ng'ambo, bure, kama walimwengu wote. Asubuhi moja kampuni ikamtaka athibitishe kwamba yeye ni yeye. Ikamuuliza chakula akipendacho. Akajibu akple. Ikasema sivyo. Akajaribu abolo, mkate laini wa mahindi, akajaribu mchuzi wa bamia, mwishowe akaandika kiazi kikuu, na hicho hajakipenda tangu utotoni. Mlango ukafungwa, na humo ndani zikabaki barua zote za marehemu kaka yake, zikiwemo zile alizomwandikia akiwa hospitali. Aliandika kuomba msaada, akajibiwa na mtambo uliomshukuru kwa uvumilivu wake.

Hapo ndipo alipotangaza mezani, "Mtu mzima hawezi kuwa mpangaji kwenye barua zake mwenyewe."

Alinunua kompyuta ya mtumba na betri, akaikodia anwani kwa kampuni ya intaneti, akaifunga katika stoo ambayo Enyonam alikuwa ameitengea friza ya pili ya samaki. Hiyo ndiyo ikawa seva ya ukoo wa Kpodo, posta yao wenyewe. Siku hiyo Enyonam alisema "Sawa," hakuongeza neno, na waume wenye ndoa ndefu wanajua uzito wa sawa ya namna hiyo.

Mtambo ule ulitaka kutunzwa kama mgonjwa. Umeme ukikatika, betri ziliilisha seva kwanza, friza baadaye, na mara kadhaa vibua vya Enyonam viliyeyuka wakati barua za mumewe ziko salama kabisa. Senyo aliacha kwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Alikuwa mwimbaji wa sauti nzito, na tangu aache, nyimbo za kanisa lao zilikuwa kama nyumba isiyo na msingi. Mwalimu wa kwaya alimtumia salamu, naye akajibu kwa barua. Ilirudi Ijumaa, ikaimba uani sauti yake nzito peke yake.

Kwa nini wenye mlango ule mkubwa, ambako karibu kila mtu alihifadhi barua zake, hawakutaka kuzipokea za kwake, Senyo alikuja kujua baada ya kuuliza sana. Anwani aliyokodishwa ilikuwa na mpangaji mwingine kabla yake, na mpangaji huyo alikuwa akiwauzia nusu ya dunia dawa za nguvu za kiume. Aliondoka bila kuaga, sifa zake akaziacha humo humo.

Habari hiyo iliruka ukuta, ikamfikia jirani yao Gbadago.

"Efo Senyo!" aliita Gbadago akiwa juu ya ngazi, anaangua maembe kwa mti mrefu. "Kumbe jina lako linavuma mpaka Ulaya!"

"Si mimi. Ni mpangaji aliyetangulia."

"Aa, kaka, ndivyo wanavyosema wote. Haya, dawa yenyewe ilibaki? Hata chupa ya mwisho?"

"Gbadago, shuka kwenye ngazi kabla hujaanguka."

"Nikianguka utaniandikia barua ya pole? Basi itanikuta nimeshapona!"

Barua ziliendelea kurudi. Zilikuja kwa miguu, moja moja, kila moja na tabia ya maneno yaliyomo. Malalamiko kwa shirika la umeme yalirudi yakiwa mtu mnene mwenye sauti, asiyekaa chini mpaka apewe kiti cha kuegemea. Salamu za rambirambi kwa familia ya mwalimu wake wa zamani zilirudi zimevaa nguo nyeusi na nyekundu, zikakaa pembeni, zikala kidogo. Ombi kwa ofisi ya pensheni lilikuwa jembamba na lenye adabu mno, likisimama kila Enyonam alipopita.

Enyonam hakuwa mtu wa kulisha mikono isiyofanya kazi. Malalamiko aliyapeleka bombani, nayo yakahakikisha kwamba hakuna aliyemruka kwenye foleni. Ombi la pensheni alilipa kazi ya kuparua samaki. Rambirambi alikwenda nazo kwenye misiba ya Jumamosi, na watu wa Bankoe wakakubali kwamba hawajawahi kuona mtu anayelia vizuri hivyo kwa ajili ya marehemu asiyemjua. Wengine walianza kuja kuziazima.

"Unaona?" Senyo alisema. "Zina faida."

"Zingefika kule ulikozituma zingekuwa na faida zaidi," alisema Enyonam. "Na ningekuwa na friza."

Barua za kuja, hizo hazikuwa na shida. Zilizotoka kwenye ule mlango mkubwa ziliingia kwa Senyo wakati wowote, bila kuulizwa mtaa wala kabila. Ndivyo ilivyoingia ya binti yao Sitsofe, mwezi wa pili. Amejifungua salama, mtoto wa kike. Kabla ya mtoto huyu, Sitsofe alikuwa amepoteza mimba, tena zaidi ya mara moja, na kwa miezi yote ya ujauzito huu hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kutaja nguo za mtoto. *Baba*, aliandika, *tutamtoa nje siku ya nane, kama nyumbani. Mkwe wako Henning amekubali. Jina tunalisubiri kutoka kwako.*

Senyo alisoma, akatoka nje, akajifanya anakagua nyaya. Enyonam alimwacha azikague mpaka macho yakakauka.

Alitafuta jina siku nzima. Alipolipata hakumwambia mtu. Alimwambia mkewe tu kwamba ni zuri na kwamba atalituma kwa barua.

"Piga simu," alisema Enyonam.

"Jina la mtu halitangazwi kwenye simu kama bei ya nyanya. Jina linaandikwa. Likiandikwa, miaka hamsini baadaye mtoto anaweza kusema, hili hapa, babu aliniandikia kwa mkono wake."

"Na likirudi?"

"Safari hii halirudi."

Alifanya kila kitu kilichotakiwa. Aliweka muhuri, akaweka sahihi ya siri, akatundika kwenye anwani yake ilani zote za kuthibitisha kwamba yeye si muuza dawa. Aliandika rasmi kwa wenye mlango, kwa heshima, akieleza mjukuu na siku ya nane. Jibu lilikuja baada ya dakika chache. Walisema wamelichunguza ombi lake kwa makini, uamuzi unabaki vilevile, sababu hawawezi kuitaja, na wanamshukuru kwa kuwa nao. Senyo hakuwa nao, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Alituma hivyo hivyo.

Siku ya nane, mchana, geti liligongwa taratibu sana. Alikuwa kibibi mfupi, amejifunga kitenge cha buluu, na mkononi ana abolo za moto alizonunua darajani Adomi, njia ya Akra, akipita. Ilikuwa barua ya neno moja, ndiyo maana alikuwa mdogo hivyo.

Enyonam alimpokea abolo. "Karibu, Mama. Umetoka mbali?"

"Dzifa," alisema kibibi.

"Utakunywa maji?"

"Dzifa."

Enyonam alisimama palepale na abolo zake mkononi. Dzifa, yaani moyo umetulia. Ndilo jina alilotafuta siku nzima, mzee mjinga huyu, na ni zuri kweli. Alikimbilia simu.

Sitsofe alipokea akiwa amechoka. "Mama. Tulishamaliza, asubuhi. Tulingoja mpaka chai ikapoa. Mama yake Henning alikuja na keki, watu wamesimama na makoti, na mimi nafungua simu kila saa naangalia. Hakuna kitu."

"Mmemwita nani?"

"Annika. Jina la bibi yao. Baba amenikasirikia nini?"

"Hajakukasirikia. Ameandika."

"Mama, acha kumtetea."

Senyo alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, amesikia. Aliingia ndani, akakaa mbele ya mtambo wake. Ulikuwa unafanya kazi vizuri. Taa zote za kijani, hakuna kosa lolote. Alikaa humo mpaka Enyonam alipomletea abolo moja, akaila huku anazitazama taa.

Wiki iliyofuata alifanya walichofanya wenzake wote waliowahi kuwa na seva zao. Alitafuta kampuni nyingine kubwa, akawa anailipa kila mwezi izibebe barua zake na kuziingiza kwa jina lake kubwa. Alijaribu kwa neno lile lile, Dzifa, herufi zile zile. Mlinzi alifungua bila kuuliza. Sitsofe akajibu siku hiyo hiyo: *Ahsante, Baba. Ni zuri sana. Ila cheti kimeshaandikwa.*

Wageni wale, barua zilizokwisha kurudi, hawakupokewa tena kule, kwa kuwa mlango ulishawaandika kuwa wamekataliwa. Walibaki Bankoe. Kibibi aliwekewa mkeka kwenye baraza, na akawa anamsaidia Enyonam kuuza samaki. Wateja walimuuliza bei, akawajibu "Dzifa," na wengi walilipa bila kubishana, wakaenda zao wametulia.

Sitsofe alikuja Pasaka na mtoto. Henning alibaki kazini. Mtoto alikuwa amelia tangu Akra, barabara nzima, mpaka dereva akazima redio kwa huruma. Alilia getini, akalia mikononi mwa bibi yake, akalia alipoonyeshwa mbuzi. Kibibi aliinuka mkekani, akamchukua bila kuomba ruhusa, akamwambia sikioni lile neno lake. Mtoto akanyamaza. Akamkodolea macho, kisha akalala.

"Huyu mama ni nani?" Sitsofe aliuliza.

"Barua yako," alisema Enyonam.

"Ya lini?"

"Ya mwezi wa pili."

Sitsofe akamgeukia baba yake. Senyo alikohoa.

"Ungepiga simu, Baba."

"Ningepiga."

"Simu moja tu. Dakika moja!"

"Ningepiga, mwanangu. Kosa ni langu. Nilitaka niingie kwa mlango kama mtu mwenye kwake."

Sitsofe alilia kidogo, kwa hasira, akafuta macho kwa nepi safi ya mtoto. Kisha akahamia mkekani, akaegemea begani kwa kibibi, akamwambia, "Haya, nisomee tena." Akasomewa. Akaomba tena, akasomewa tena, mpaka Malalamiko yakaanza kunung'unika kwamba watu wana njaa.

Siku zote za Pasaka pale nyumbani mtoto aliitwa Dzifa, na akaitika kwa kadiri mtoto wa umri ule anavyoweza kuitika. Kwenye pasi yake alikuwa Annika.

Siku ya kuondoka, Sitsofe alisema hamwachi kibibi. "Ni barua yangu. Nimeipokea kwa mikono yangu mwenyewe. Naondoka nayo." Hakuna aliyepinga. Kibibi alivaa kile kitenge cha buluu na viatu vya kanisani vya Enyonam, akapakatishwa mtoto kwenye gari.

Uwanja wa ndege, afisa alitazama pasi ya Sitsofe, akatazama ya mtoto, akamtazama kibibi.

"Na wewe, mama, unatoka wapi?"

"Dzifa."

"Yuko na mimi," alisema Sitsofe. "Mimi ndiye niliyeandikiwa."

Afisa aliangalia kompyuta yake kwa muda. Alikuwa kijana mpole, na alisema kwa upole kwamba anaelewa, kwamba hana la kufanya, na kwamba kompyuta inaonyesha anatoka mtaa wa Bankoe, na mtaa huo hauingii. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu. Sitsofe alimkumbatia kibibi, akamchukua mtoto aliyeanza kulia upya, akapita.

Kibibi alipanda gari la Ho peke yake. Alipoingia uani giza lilikuwa bado halijashika, na Enyonam alikuwa ndiyo kwanza anapakua. Hakumuuliza alichoambiwa mlangoni. Alimvua viatu, akamsogezea sahani yenye kichwa cha samaki, kwa sababu katika nyumba ile kichwa hupewa aliyetoka safari.