Hewa ya Ta Rwehumbiza

Ta Rwehumbiza alifika Mkuyuni Jumapili baada ya misa, akiwa na mkungu wa ndizi na mafua mazito. Alikuwa baba mkubwa wa Venant, mkuu wa shule mstaafu, na ndugu, waliomwita Ta, yaani baba, kwa heshima, walizoea kusimama akiingia na kucheka kila akitua katika maneno. Hata kukaa hajakaa, alinyoosha mikono.

"Leteni mjukuu."

Renatha, mke wa Venant, alipiga magoti. Mwanawe Mutayoba alizaliwa na tundu kwenye moyo, na daktari alikuwa amemkanya: mwenye mafua asimkaribie, maana yale ambayo mtoto mwingine huyamaliza kwa chafya, huyu yatamlaza wodini.

"Shikamoo, Ta. Moyo wa mtoto ni mgonjwa. Tungesubiri upone kwanza."

"Marahaba. Nimelea watoto tisa mimi. Mafua ni mafua tu."

Venant alimchukua mtoto mikononi mwa mkewe, akampeleka. Ta Rwehumbiza alimbusu mjukuu, akampigia chafya usoni. Ndugu walisema ni baraka.

Jumanne pua za Mutayoba ziliziba. Renatha alimdondoshea maji ya chumvi aliyopewa kliniki, akamnyonyesha kidogokidogo, kwani kunyonya kulimchosha kama anayepanda mlima. Jioni mbavu zilianza kubonyea kila alipovuta pumzi, na midomo ikawa ya bluu. Ndipo mapazia yakainama kuelekea kitandani. Mtoto alikuwa anavuta hewa yote ya nyumba. Jiko la mkaa lilizimika, na kalenda ya parokia ikabanduka ukutani ikaja kulala miguuni pake.

Sebuleni, Ta Rwehumbiza alikuwa akieleza jinsi akina mama wa siku hizi wanavyodekeza watoto. Hewa ilimwishia katikati ya maneno. Mdomo uliendelea, sauti haikutoka. Ndugu waliendelea kuitikia kwa vichwa, na alipotua, walicheka.

Renatha alimbeba mtoto, akapanda bajaji mpaka hospitali.

"Ana nini?" muuguzi aliuliza.

"Mafua. Na moyo una tundu."

Muuguzi hakusema "mafua tu". Alimkimbiza mtoto kwenye oksijeni, na wiki hiyo haijaisha Mutayoba alinyonya mpaka akasinzia.

Waliporudi nyumbani mapazia yalining'inia vizuri. Hewa ilikuwa imerudi, ila sauti ya Ta haikurudi, na hakuna aliyeona kilichopungua. Kikao cha ndugu kilikuwa kinamsubiri Renatha. Ta alizungumza kirefu, kamasi zikimteremka. Alipofunga mdomo, wote walipiga makofi.

"Umemsikia Ta?" Venant alimuuliza mkewe.

"Amesemaje?"

"Kwamba ulitaka kumnyima mjukuu wake. Omba radhi."

Renatha alimtazama mumewe kama anavyotazama sangara wa juzi sokoni. Kisha akapiga magoti, mtoto mgongoni, akaomba radhi. Ta Rwehumbiza alitikisa kichwa kusamehe. Aligeuka pembeni akapiga chafya, nayo haikusikika, kisha akanyoosha mikono.

Venant alisogea nyuma ya mkewe, akaanza kufungua mbeleko.