Tuisku Anaijua Njia

Kila kundi la wanafunzi linalokuja kwetu kuendesha sleji za theluji zinazovutwa na mbwa nalianzia palepale, hata mabegi hawajatua: msiachie sleji. Ukianguka, shika. Ukiburutwa kifudifudi kwenye theluji, shika. Ukiachia, mbwa wanakwenda zao na sleji tupu, wananasa kwenye miti na kuumizana. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya banda lolote la mbwa huku kwetu, na mimi ni mkali nayo kuliko mdogo wangu Jouko, ambaye hata mbwa wanamjua kwa upole.

Siku ile ya Machi walikuja wanafunzi sita na mwalimu wao. Mmoja, Iines, binti wa miaka kumi na mitatu, alikuwa anatetemeka, na si kwa baridi.

"Shangazi Raili, mimi si nibaki tu hapa niwapikie mbwa supu?"

"Huyu hata paka wa jirani humpisha njia!" akadakia Oskari, kijana mwenye maneno mengi.

"Na wewe funga mdomo, baridi itaingia," nikamwambia. Kisha nikamshika Iines bega. "Nakupa Tuisku aongoze mbwa wako. Ni mzee, hana papara. Wewe shika mpini, ukitaka kusimama kanyaga breki kwa miguu miwili. Usiachie, hata iweje. Tuisku anaijua njia."

Ndivyo tunavyofanya miaka yote. Mtoto mwoga hupewa mbwa mzee, tukalala usingizi.

Mimi nikatangulia na mwalimu kwenye sleji yangu, wanafunzi wakafuata mmoja mmoja, Jouko akafunga msafara kwa pikipiki ya theluji. Nilifika kwenye kibanda cha moto msituni, nikaanza kuzipokea sleji. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Halafu kimya. Baadaye kidogo akatokea Oskari, theluji imemjaa hadi masikioni, na Jouko nyuma yake.

"Huyu bwana maneno kaanguka mara mbili," Jouko akacheka. "Nilisimama kumwinua."

"Iines yuko wapi?"

"Si alikuwa mbele yetu? Dada, si yuko na wewe?"

Hapo nikaelewa kila kitu kwa mpigo. Tuisku anaijua njia, ndiyo. Lakini njia gani? Majira yote ya baridi tulikuwa tunavuka ziwa juu ya barafu, pale linapobanana, na ng'ambo tunawapa mbwa samaki. Jumatatu mimi mwenyewe niliifunga njia ile kwa matawi ya msonobari, maana mkondo wa maji chini ulikuwa umeshaanza kuila barafu. Mbwa vijana wangefuata sleji ya mbele bila kuuliza. Mzee anafuata kichwa chake. Mazoea yana taabu, na ya Tuisku nimeyalea mimi.

Nikampokonya Jouko pikipiki. Njia nzima nilikuwa naomba kitu kimoja tu: kwamba mtoto amenikaidi, ameachia, amekaa pembeni mwa njia analia. Sijawahi kutamani hivyo maishani.

Kwenye njia panda matawi yangu yalikuwa yamekanyagwa. Alama za sleji zilipita katikati.

Nilizima pikipiki ufukweni, maana barafu isingeubeba uzito wake. Iines alikuwa kwenye barafu, hatua sitini hivi kutoka nchi kavu, amesimama juu ya breki kwa miguu miwili, mikono imeganda kwenye mpini. Theluji iliyomzunguka ilikuwa imegeuka kijivu kwa maji. Mbwa waliponiona wakaanza kuruka na kubweka, sleji ikajongea, na barafu ikalia. Nikajitupa chini wasinione.

"Iines," nikasema polepole. "Mwanangu, usigeuke. Nisikilize."

"Shangazi, nimeshika." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Sijaachia."

"Najua. Sasa achia."

"Hapana."

"Lala kifudifudi, utambae uje kwangu."

"Nikiondoa miguu wataondoka! Si umesema watanasa? Si umesema wataumizana?"

Miaka ishirini nimekuwa nikiwafokea watoto wa watu neno hilo, na huyu pekee ndiye aliyelitii kikamilifu.

"Nilikosea," nikasema. "Waache mbwa waende. Nakuomba."

Alilia kwanza. Kisha akalala. Mbwa wakaruka palepale na sleji, naye akatambaa kuja kwangu kwa viwiko, mikono mitupu. Nyuma yake nikaona barafu ikifunguka. Sleji ikazama nyuma, ikazama hadi mpini, pale alipokuwa ameshika. Tuisku na wenzake wakavuta, wakavuta, hadi ikatoka ikichuruzika maji, wakafika ng'ambo. Wakaketi wakingoja samaki wao.

Nilimdaka Iines mkono, nikamburuta hadi kwenye miti, nikamvalisha glovu zangu. Zake zilikuwa zimebaki kwenye mpini, zimegandamana nao. Meno yangu yalikuwa yanagongana kuliko yake.

Alhamisi likaja kundi jingine. Jouko alisema ataongea yeye, nikakataa. Nikasimama mbele ya watoto wanane, nikaeleza breki, nikaeleza mpini, na nilipofika kwenye sheria ya kwanza nikarudi tena kwenye breki. Nilikuwa naiona ile mikono ya Iines kwenye mpini.

Binti mmoja wa mbele akanyoosha kidole. "Na tukizidiwa, tufanye nini?"

Jouko akanitazama. Mbwa walikuwa wanabweka, wanataka kuondoka.

"Achieni," nikasema. "Mbwa nitawatafuta mimi."