Pakiti Mpya Juu ya Boksi la Mtandao

Asubuhi ya kuchagua vizimba, kompyuta ya Su-luan iligoma. Si kwamba haikuwaka. Iliwaka vizuri tu, ikaonyesha picha ya bandari ya mji wao, Keelung, aliyowekewa na mdogo wake, kisha kila alipobonyeza ikamletea maneno yale yale: hakuna mtandao. Su-luan akabonyeza kwa nguvu zaidi, kama vile mwanzo haikumsikia.

Soko la zamani lilikuwa limebomolewa na jengo jipya lilikuwa tayari. Manispaa, kwa hekima zake, ilikuwa imeamua kwamba wachuuzi wachague vizimba mtandaoni, kuanzia saa nne asubuhi, na atakayewahi ndiye atakayepata. Hakuna cha mkongwe wala cha mgeni. Mtu anachomeka kadi yake ya raia kwenye kisoma kadi, anabonyeza kizimba anachokitaka, basi. Kisoma kadi kilitaka kompyuta, simu peke yake haikutosha.

Su-luan alitaka kizimba kimoja tu, cha mlangoni. Katika soko la zamani mama yake aliuzia mlangoni supu ya vipira vya samaki mpaka siku alipoanguka, na kesho yake Su-luan akashika upawa. Wateja wa supu ile ni watu wa mvua, na Keelung mvua haikati. Mtu anaingia amelowa, anakutana na mvuke wa sufuria, anakaa. Hakuna anayepanda ngazi na viatu vilivyojaa maji kutafuta supu nyuma ya wauza soksi. Bila mlango ule hapakuwa na biashara, na Su-luan hakuwa na kazi nyingine aliyoijua duniani.

Kabla hajagusa waya wowote alifanya jambo ambalo kila mtu kisiwani kwao angelifanya. Aliangalia pakiti. Ni pakiti ya vitafunio vya mahindi na nazi, vile vya watoto, ambayo huwekwa juu ya mashine ili mashine itulie na ifanye kazi yake. Sharti iwe ya kijani, maana ya njano au nyekundu ni kujitafutia balaa. Haifunguliwi, na ikipitwa na tarehe ni bora kusiwe na kitu. Su-luan alikumbuka kwa aibu kwamba yake ilikuwa imechakaa siku nyingi. Akaichukua juu ya boksi la mtandao na kuigeuza. Ilikuwa mpya, imetuna, tarehe yake ya mwakani.

Akacheka peke yake. Huyu ni Tsung-yu tu, mdogo wake. Jumapili alikuja kwenye kumbukumbu ya mama yao, na yeye Su-luan alishinda jikoni akikaanga samaki wa kumtolea marehemu sadaka. Bila shaka ndipo alipoiona ile pakiti kuukuu, akaibadilisha, na wala hakusema. Moyo wake ukajaa. Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, na ndugu mwenyewe alikuwa fundi wa kompyuta. Akampigia simu.

Tsung-yu alifika haraka, koti la mvua likichuruzika mpaka sebuleni. Alikuwa na kibanda cha ufundi nyuma ya stesheni ya treni, na watu walimpenda kwa sababu alikuwa mpole hata na mashine.

"Haya dada, umeifanya nini tena?"

"Sijaifanya kitu. Imeamka na kiburi tu. Halafu ahsante kwa pakiti."

Tsung-yu alikuwa akivua koti. Mkono mmoja ulikwama kidogo kwenye nguo.

"Aa. Si kitu, dada."

Akakaa, akavuta kibodi. Su-luan akasimama nyuma yake na kitambaa cha jikoni mkononi, akiangalia saa ya ukutani na mgongo wa mdogo wake kwa zamu. Alikuwa na imani nao, ule mgongo. Yeye ndiye aliyeubeba wakati mama yao alipokuwa sokoni.

"Tuzime boksi kwanza," alisema Tsung-yu. "Lipumzike, ndipo tuliwashe."

Walilizima. Walisubiri. Waliliwasha, taa zake zikacheza moja moja mpaka zote zikawa za kijani. Kompyuta ikasema hakuna mtandao.

"Labda waya," alisema Su-luan.

"Labda." Akaingia chini ya meza. Su-luan akapiga magoti amshikie tochi. Tsung-yu alichomoa waya, akafuta ncha zake kwa shati, akauchomeka tundu la pili, akauchomoa, akaurudisha tundu la kwanza. Taratibu, kwa heshima, kama mtu asiye na haraka yoyote.

"Tsung-yu, saa inakwenda."

"Naiona, dada. Ukinikimbiza nitakosea." Alitoka chini ya meza akijipangusa magoti. "Niambie ukweli, hujabonyeza kitu usichokijua? Ule ujumbe unaosema umeshinda friji, hukuufungua?"

Su-luan akaona uso unampata moto. Wiki iliyopita aliufungua kweli ujumbe, ingawa haukuwa wa friji, ulikuwa wa sufuria.

"Niliufunga palepale."

"Ndiyo hivyo sasa. Mimi mashine hii sijaigusa tangu mwaka jana, na niliiacha nzima. Mtu huwezi kufungua kila takataka, dada."

Alijisikia mjinga, na ujinga huo ukamtia hofu. Mlango wa mama yake unapotea kwa sababu ya sufuria ya bure. Akawaza haraka.

"Je, tukitumia mtandao wa simu yangu? Si unaweza kuuunganisha na kompyuta?"

"Kwa haya mambo ya kadi ya raia?" Tsung-yu alitikisa kichwa bila kugeuka. "Mfumo wa serikali unaukataa mtandao wa simu. Kadi itafungwa, uanze upya kupanga foleni ofisini. Unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Basi niachie mimi. Nipe chai."

Akaenda kumchemshia chai. Aliporudi, saa nne ilikuwa imeshapita. Tsung-yu alikuwa bado anafungua na kufunga madirisha kwenye kioo. Su-luan akaweka kikombe mezani na kukaa kitako kwenye kiti cha plastiki. Hakulia. Alimwonea huruma mdogo wake, jinsi alivyohangaika.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliyeingia ni mama Chao, jirani na muuza achari za figili, mwanamke ambaye sauti yake hutangulia kufika.

"Nimepata karibu na lifti," alisema. "Siyo mbaya. Wazee watanisimamia mbele wakisubiri lifti, watanusa, watanunua. Wewe umepata mlango wako?"

"Mtandao umekataa, mama Chao."

"Hata wangu. Nyumbani kwangu mtandao ni jina tu. Mjukuu wangu akachukua simu yake, akaiunganisha na kompyuta, nikachomeka kadi, dakika hiyohiyo tumemaliza. Sasa wewe na fundi ndani ya nyumba unakosaje?"

Su-luan akamtazama Tsung-yu. Tsung-yu akatazama chai.

"Labda wameubadilisha mfumo," alisema. "Mwaka jana ulikuwa unakataa."

"Mwaka jana mfumo huu ulikuwepo?" aliuliza mama Chao. Akaona hewa ya mle ndani haimfai, akasema amesahau kitu jikoni, akaondoka akiacha mlango wazi.

Mvua ilisikika vizuri. Su-luan aliinuka akaufunga mlango, na alipogeuka macho yake yakaangukia ile pakiti ya kijani. Akaisogelea. Kuna jambo lilimjia, na lilimjia likiwa na sauti ya Tsung-yu mwenyewe. Zamani kidogo alimwomba amletee pakiti ya kuweka juu ya jokofu la samaki, naye akamcheka. Siweki pakiti kwenye mashine ambayo sijaifungua, alimwambia. Pakiti ni radhi, dada. Unaingiza mikono tumboni mwa mtu, ukimaliza unamwomba radhi. Kibandani kwake walimtania kwa hilo: kila mashine iliyotoka mikononi mwake ilitoka na pakiti mpya, hata kama alichobadilisha ni skrubu moja.

"Tsung-yu," alisema. "Pakiti hii uliiweka Jumapili."

"Ilikuwa imepitwa na tarehe."

"Na kompyuta hujaigusa tangu mwaka jana."

Tsung-yu aliweka mikono mapajani. Su-luan alimjua akikaa hivyo tangu hajaota meno. Alipokuwa mdogo na amevunja kitu alikuwa anakaa vivi hivi, akingoja mtu mwingine amsemee. Na aliyemsemea siku zote alikuwa yeye.

"Irudishe," alisema Su-luan.

"Dada."

"Irudishe ilivyokuwa."

Vidole vya Tsung-yu vilikwenda moja kwa moja mahali vilipotakiwa kwenda. Alifungua dirisha moja, akafuta namba fulani alizokuwa ameziingiza mwenyewe Jumapili, akabonyeza. Hakuingia chini ya meza. Hakuomba chai. Mtandao ukarudi, na ukurasa wa manispaa ukafunguka wenyewe, na ramani ya soko jipya ikajaa kioo, vizimba vilivyochukuliwa vikiwa vyekundu. Cha mlangoni kilikuwa chekundu. Juu yake paliandikwa: Kuo Wan-ju, juisi ya matunda.

Wan-ju alikuwa mke wa Tsung-yu. Jumapili alikuwa amekaa pale pale mezani, akasifu samaki, akaongezwa.

Su-luan hakuuwaza mlango. Mlango angeulilia baadaye. Alikuwa anakumbuka tochi. Alipiga magoti sakafuni na magoti yake mabovu, akammulikia mwizi wake.

"Wewe umechoka, dada," alisema Tsung-yu kwa sauti ndogo. "Mikono inakuuma kila siku, unasema mwenyewe. Wan-ju ana nguvu, na mtoto wa pili yuko njiani. Tulifikiri ungekuja kukaa na sisi, upumzike. Ningekwambia."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Ndiyo maana watu wanaombana."

Alichukua pakiti, akaishika kwa mikono miwili na kuipasua.

Tsung-yu alinyanyuka nusu. "Usifungue, dada. Mashine itaharibika."

"Mashine umeiomba radhi," alisema Su-luan. "Ukatoka na mvua ukaenda kuinunulia pakiti, ukachagua yenye tarehe ya mbali. Mimi nilikuwa jikoni nakukaangia samaki. Mimi uliniwekea nini?"

Su-luan alifungua kabati, akatoa bakuli dogo la bati lililobanduka rangi pembeni. Bakuli hilo Tsung-yu alilijua. Mama yao alipokuwa sokoni na mtoto analia, Su-luan alikuwa akimmiminia humo vitafunio hivi hivi, vya pakiti ya kijani, ili atulie mpaka mama arudi. Akavimimina vyote na kumsogezea.

"Kula."

"Dada, tafadhali."

"Kula, halafu uweke ufunguo wa nyumba yangu hapo, uende kwa mkeo."

Tsung-yu alikula kimoja. Alikitafuna muda mrefu, kichwa chini, na kilisikika kinavyovunjika. Kisha akatoa ufunguo kwenye mnyororo wake, jambo lililomsumbua, na dada yake hakumsaidia. Akauweka kando ya bakuli. Akavaa koti lake bado bichi, akatoka.

Su-luan alisikia pikipiki ikiwaka mara ya pili, kisha ikienda. Akakaa mbele ya kompyuta kwenye kiti ambacho kilikuwa bado na joto la mdogo wake, akachomeka kadi. Vizimba vilivyobaki vilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya wauza soksi. Akachagua kimojawapo, na mtandao ulimkubalia mara moja, bila kusitasita. Kisha akavuta bakuli, akaonja. Vilikuwa vitamu, vikavu, vipya kabisa.